Kutia Behewa Katikati

Mtu atokaye kisiwa cha Mombasa kwa njia ya Makupa, akiisha kuvuka maji huanza kupanda. Na juu ya kipando hicho ndipo ilipo Changamwe. Reli nayo hupita huko huko. Tarehe 30 Mei 1896 vyuma vya kwanza vya njia iliyoitwa Reli ya Uganda vililazwa Mombasa, chini ya uongozi wa mhandisi mkuu, Bwana George Whitehouse, aliyewasili Desemba ya mwaka uliotangulia. Kwa kuwa maji ya Makupa yalitenga kisiwa na bara, palijengwa kwanza daraja la muda la mbao, ili kazi isikae kungoja daraja la chuma. Kisha mataruma na vyuma vikaendelea kupanda Changamwe, vikapita Mazeras na Mariakani, vikavuka nyika ya Taru, hata Desemba 1901 vikafika ukingo wa ziwa mahali paitwapo leo Kisumu, mwendo wa maili 580 na zaidi.

Habari za simba wa Tsavo waliowala wajenzi wa njia hiyo zimesimuliwa mno, wala sina haja nazo hapa. Nataka kusimulia jambo dogo ambalo wafanyakazi wa reli pale Changamwe walilifanya kwa miaka mingi, mchana na usiku, pasipo mtu kuwaandikia sifa. Jambo ambalo baadaye wataalamu wa kompyuta, ambayo wengine huiita tarakilishi, walilazimika kulifanya ndani ya mashine zao, wakajikwaa penye kizingiti kile kile. Jambo lenyewe ni hili: kutia kitu kipya katikati ya mfululizo bila kuuharibu mfululizo.

Kwanza tutazame mfululizo usio mnyororo, maana kila mwanafunzi anao mbele ya macho yake. Ni daftari la mahudhurio. Mwalimu huandika majina ya darasa kwa utaratibu wa herufi, mstari kwa mstari, kila jina na namba yake. Kazi hupendeza mpaka wiki ya tatu, ajapo mwanafunzi mgeni ambaye jina lake laanza kwa herufi B. Mahali pake ni mstari wa 4, lakini mstari wa 4 umekwisha kukaliwa. Ili mgeni apate nafasi, wa 4 hana budi kushuka awe wa 5, na wa 5 awe wa 6, hata wa mwisho. Mwalimu gani atafuta majina 36 kwa ajili ya mtoto mmoja? Basi mgeni huandikwa chini kabisa ya ukurasa, baada ya Yusufu na Zainabu, na huko hukaa mwaka mzima kama mtu aliyechelewa harusini. Ubaya wa daftari hautokani na mwalimu. Watokana na kwamba mahali pa kila jina pamefungwa na namba ya mstari. Ukimsogeza mmoja wawasogeza wote.

Gari la moshi si hivyo. Behewa halina mahali pake pa daima. Halijui kama ni la 4 au la 14. Lajua tu ni behewa gani lililofungwa nalo. Injini imelishika behewa la kwanza, la kwanza limelishika la pili, la pili limelishika la tatu, na hivyo hivyo mpaka la mwisho, ambalo ni la gadi. Anayetaka kujua utaratibu wa gari zima hana kitabu cha kutazama isipokuwa gari lenyewe: aanze kwenye injini, afuate viungio kimoja kimoja. Huo ndio mnyororo, na ndiyo maana yake.

Sasa tuseme gari limepangwa Changamwe, nalo lina mabehewa manne nyuma ya injini: la kwanza lina saruji, la pili nguo, la tatu chumvi, la nne mbolea. Laletwa tangi la mafuta, nalo lataka kutiwa kati ya nguo na chumvi. Msomaji atauliza kwa nini lisifungwe nyuma tu, kama yule mwanafunzi mgeni. Sababu zilikuwepo, tena nzito. Zamani za injini za moshi, mafuta hayakuwekwa karibu na injini itoayo cheche. Palihitajika mabehewa mengine yatenge. Tena mabehewa yaliyokuwa yakiachwa stesheni moja yalifungwa pamoja, ili yakatwe mara moja, maana gari linaloanza kupekuliwa njiani huchelewesha magari yote yanayolingoja katika njia moja. Na tangu mwaka wa 1963, kilipoanza kazi kiwanda cha kusafishia mafuta hapo hapo Changamwe, ambacho kiliacha kusafisha mwaka wa 2013, matangi hayakuwa kitu cha nadra.

Wapangaji wa mabehewa hawakulisukuma lile la chumvi wala lile la mbolea hata hatua moja. Kwanza walikaza breki ya mkono ya behewa la chumvi, ili sehemu ya nyuma isimame peke yake. Kisha walifungua kiungio kilicho kati ya nguo na chumvi. Injini ikavuta mbele saruji na nguo, ikavuka penye njia panda, ikarudi kinyumenyume katika njia ya kando lilikosimama tangi; nguo ikashikana na tangi. Injini ikatoka tena, ikarudi njia kubwa polepole, tangi likashikana na chumvi. Breki ya mkono ikafunguliwa. Kiungio kimoja kimefunguliwa na viwili vimefungwa. Mabehewa yangekuwa 40 badala ya manne, hesabu ingekuwa ile ile: kimoja kufunguliwa, viwili kufungwa.

Katika maelezo hayo kuna neno ambalo msomaji mwenye haraka huenda amelipita: kwanza walikaza breki ya mkono. Ardhi ya Changamwe imeinuka juu ya Makupa, na nyuma ya Makupa ni kisiwa chenye watu. Behewa lililofunguliwa likiwa halijashikwa na kitu ni mali ya mteremko.

Ubaya wake ulionekana nchi ya mbali, nao ulibadili sheria. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na mji wa Armagh katika Ireland, gari la moshi lililojaa watu wa matembezi ya shule ya Jumapili, wengi wao watoto, lilishindwa kupanda mlima. Wakubwa wa gari waliamua kulikata vipande viwili: injini ipeleke kwanza kipande cha mbele, kisha irudi kuchukua cha nyuma. Fikira yenyewe haikuwa mbaya. Lakini breki za gari lile zilikuwa za namna ambayo ziliendeshwa kutoka kwenye injini, na kiungio kilipofunguliwa mabehewa ya nyuma yaliachwa yakitegemea breki ya mkono ya behewa la gadi, na mawe yaliyowekwa chini ya magurudumu. Injini ilipoanza kuondoka ilirudi nyuma kidogo, ikayagusa mabehewa yaliyosimama, mawe yakasagika. Mabehewa kumi yakaanza kuteremka, taratibu kwanza, kisha kwa kasi, hata yakagongana na gari jingine lililokuwa likija nyuma. Watu 80 walikufa. Katika mwaka ule ule Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwamba magari ya abiria yawe na breki zinazojikaza zenyewe gari likatikapo.

Wala tusidhani mambo hayo ni ya Ulaya au ya karne iliyopita. Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu katika mkoa wa Dodoma, Tanzania, gari la abiria lilishindwa kujizuia mlimani, likarudi nyuma kwa kasi na kugonga gari la mizigo; watu 281 walipoteza maisha. Hapo halikuwa jambo la kiungio, bali la breki. Lakini fundisho la wapangaji wa mabehewa lilikuwa moja kwa hali zote mbili, nalo ni kwamba kilicho nyuma kishikwe kabla ya kilicho mbele kuachia.

Nisije nikaonekana nadai kwamba pwani yetu ilijifunza minyororo kutoka kwa injini za Waingereza. Miswada ya kale, ya Kiarabu na ya Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ina desturi ambayo yastahili kutazamwa. Mwandishi amalizapo ukurasa, aghalabu huandika chini yake, pembeni, neno moja lililotengwa na maandishi mengine. Neno hilo ni lile ambalo ukurasa unaofuata utaanza nalo. Karatasi hazikuwa na namba. Kila moja ilimtaja jirani yake. Upepo ukizitawanya, msomaji huzikusanya kwa kuulizana: wewe wamtafuta nani, na nani anaanza na neno lako? Na mnakili akitaka kutia karatasi mpya katikati, hakuna karatasi nyingine zitakazoguswa ila ile moja iliyotangulia, ambayo neno lake la chini lazima libadilishwe. Akilisahau, karatasi mpya imo kitabuni kwa macho lakini haimo kwa maana, kwa kuwa hakuna ukurasa unaoielekea.

Sasa twende kwenye kompyuta. Na miaka imeafikiana vizuri. Mwaka wa 1955 bandari ya Mombasa ilianza kupokea injini kubwa za namna ya Garratt za daraja la 59, zilizoundwa Manchester kwa ajili ya Reli za Afrika Mashariki. Zilikuwa 34, kila moja ikiwa na jina la mlima, na uzito wake tani 252. Zilivuta mizigo ya Mombasa na Nairobi kwa mnyororo mrefu wa mabehewa ambao injini za zamani zisingeuweza. Katika miaka hiyo hiyo, 1955 na 1956, watu watatu huko Marekani walikuwa wakihangaika na mnyororo wa namna nyingine. Walikuwa Allen Newell, Herbert Simon, na mtunga programu Cliff Shaw. Mashine yao iliitwa JOHNNIAC, kwa heshima ya mwanahesabu John von Neumann, nayo ilikuwa Santa Monica, California, katika taasisi iitwayo RAND.

Watu hao walitaka mashine ithibitishe kanuni za mantiki. Walichagua kitabu kikubwa cha Whitehead na Russell kiitwacho Principia Mathematica, na hatimaye programu yao ilithibitisha kanuni 38 miongoni mwa 52 za kwanza za sura waliyoichagua. Lakini kabla ya kufika huko walikutana na shida ya daftari la mahudhurio. Mashine ifikiripo tatizo huzaa matatizo madogo, na hayo huzaa mengine; sentensi za mantiki hurefuka na kufupika, na hakuna ajuaye mapema ni ipi itakayohitaji nafasi kubwa. Kumbukumbu ya JOHNNIAC ilikuwa na vyumba 4,096 tu. Kama kila orodha ingetengewa mistari yake mfululizo, nyingine zingefurika hali nyingine ziko tupu. Na kila kutia kitu katikati kungehitaji kuwahamisha walio nyuma yote.

Walifanya walivyofanya watu wa reli. Kila chumba cha kumbukumbu wakakigawa sehemu mbili: moja ikae kitu chenyewe, na ya pili ikae anwani ya chumba kinachofuata. Vyumba viwili vinavyofuatana katika orodha havikuhitaji kuwa jirani katika mashine. Kimoja chaweza kuwa mwanzo na kingine mwisho, maadamu cha kwanza chajua anwani ya cha pili. Newell na Shaw walieleza mpango huo katika mkutano wa wataalamu wa kompyuta uliofanyika Los Angeles Februari 1957, wakauchora kwa visanduku na mishale, mchoro ambao mpaka leo huchorwa ubaoni na walimu wa somo hili. Haki yataka tutaje pia kwamba Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM alikuwa ameandika waraka wa ndani Januari 1953 wenye wazo la minyororo ya namna hiyo kwa kazi nyingine.

Tuchukue mfano, nao tuutoe katika reli yetu. Tuseme chumba namba 12 kina jina Changamwe, na sehemu yake ya pili yasema 40. Chumba 40 kina Mazeras, na sehemu ya pili yasema 7. Chumba 7 kina Mariakani, na sehemu yake ya pili yasema sifuri, maana yake mwisho. Mwanafunzi anayejua njia ataona kasoro: Miritini imesahauliwa, nayo iko kati ya Changamwe na Mazeras. Tunacho chumba kitupu, namba 25. Tunaandika humo Miritini. Je, sasa tuanzie wapi?

Njia iliyo sahihi ni hii. Kwanza tusome anwani iliyo katika Changamwe, yaani 40, tuiandike katika sehemu ya pili ya Miritini. Sasa Miritini imeishika Mazeras. Kisha, na hapo tu, tufute ile 40 katika Changamwe tuandike 25. Basi. Mazeras haikuguswa, wala Mariakani. Orodha ingekuwa na stesheni zote mpaka Kisumu, nazo zisingejua kwamba mgeni ameingia.

Lakini mwanafunzi mwepesi hupenda kuanza na mwingine. Hufuta 40 katika Changamwe, akaandika 25, akafurahi kwamba Miritini imeunganishwa. Kisha hutaka kuiunganisha Miritini na Mazeras. Je, Mazeras i wapi? Mtu pekee aliyejua ni Changamwe, na sasa Changamwe yajua 25 tu. Namba 40 ilifutwa. Mazeras na Mariakani zimo katika mashine, salama katika vyumba vyao, lakini hakuna njia ya kuzifikia. Ndani ya kompyuta hakuna mteremko, wala hakuna breki ya mkono ya kuzaliwa nayo. Kilichoachiwa hakiendi kasi wala hakipigi kelele, hupotea kimya.

Kuna kosa la tatu, na mimi huliona ndilo la kuchekesha kuliko yote. Yule aliyetangulia kufuta, akija kuiuliza Changamwe ni anwani gani inayofuata ili aiandike katika Miritini, atajibiwa 25. Naye ataandika 25 ndani ya chumba 25. Sasa Miritini yafuatwa na Miritini. Mashine ikipewa kazi ya kutaja stesheni, itasema Changamwe, Miritini, Miritini, Miritini, mpaka mtu aizime. Kati ya Miritini na Mazeras reli ya kweli hufanya mzunguko, ikajipita yenyewe juu na chini ili ipate kupanda. Lakini mzunguko huo hutoka ukaendelea na safari. Ule wa kompyuta hautoki.

Kuna dawa kwa mwenye kuona utaratibu ule mgumu: kabla ya kufuta kitu, anakili anwani 40 kando, mahali pa muda. Hiyo ndiyo breki ya mkono, iliyobuniwa kwa hati badala ya chuma. Akiisha kuishika Mazeras huko, aweza kufunga viungio kwa utaratibu wowote apendao, kama wale wapangaji wa Changamwe waliofunga tangi na nguo kwanza na chumvi baadaye.

Mwanzo wa orodha wahitaji uangalifu wake. Behewa jipya likitiwa mbele ya yote, hakuna behewa lililotangulia la kubadilishwa. Ni injini inayopaswa kuliachia lile la zamani na kulishika lile jipya. Programu nyingi za wanaojifunza hufanya kazi vizuri katikati zikaanguka hapo, kwa sababu mtungaji alisahau kwamba injini nayo yashika kitu. Na mwisho wa orodha una jambo lake pia. Nyuma ya behewa la gadi hutundikwa taa. Mkuu wa stesheni, gari lipitapo, haridhiki kwa kuona injini; hungoja aione taa ya nyuma, ndipo ajue kwamba gari limepita zima, wala hakuna mabehewa yaliyokatika yakabaki njiani gizani. Ile sifuri ndani ya chumba cha Mariakani ndiyo taa ya nyuma. Behewa likiongezwa mwisho, taa haina budi kuhamishwa. Ikibaki palepale, gari lina taa katikati, na mwenye kuhesabu ataacha kuhesabu kabla ya mwisho. Mwingereza Tony Hoare, aliyeingiza alama ya namna hiyo katika lugha ya kompyuta mwaka wa 1965, alikiri mbele za watu mwaka wa 2009 kwamba lilikuwa kosa lake, na kwamba huenda limeugharimu ulimwengu fedha zifikazo dola bilioni moja. Kwa maana watunga programu husahau kutazama kama ni taa au ni behewa, wakajaribu kupakua mzigo kutoka kwenye taa.

Vile vyumba vilivyo vitupu navyo vilihitaji mpango. Newell, Shaw na Simon walivifunga vyote pamoja vikawa mnyororo mmoja wa vyumba visivyo na kazi, mfano wa mabehewa matupu yaliyosimama njia ya kando. Aliyehitaji chumba alikata kimoja mbele ya mnyororo huo, na aliyemaliza kazi alikirudisha. Lakini wakosaji hawakukosekana. Vyumba vilivyopotezwa kwa makosa niliyoyaeleza havikurudi, na kumbukumbu ikawa inapungua siku kwa siku. John McCarthy, aliyeanza kuunda lugha ya Lisp katika chuo cha MIT mwaka wa 1958, alitafuta dawa nyingine. Mashine yenyewe, vyumba vitupu vikiisha, isimamishe kazi. Ipite katika orodha zote zinazofikika ikitia alama. Kisha kila chumba kisicho na alama kihesabiwe kuwa kimepotea, kirudishwe njia ya kando. Mpango huo aliutangaza mwaka wa 1960, na lugha nyingi za leo zinautumia kwa namna moja au nyingine. Kwa maoni yangu ni mojawapo ya fikira nzuri kuliko zote katika historia ya kompyuta, kwa sababu haikumtaka mwanadamu awe mkamilifu.

Hata hivyo nisiusifu mnyororo kupita kiasi. Gadi anayetaka kukagua behewa la 30 hana budi kutembea kando ya mabehewa 29. Mwalimu anayetaka jina la 30 katika daftari huweka kidole penye mstari wa 30. Kutia ni rahisi katika mnyororo, kupatafuta mahali pa kutia ndiko kuzito. Tena mashine za siku hizi husoma upesi sana vyumba vilivyo jirani, na hukawia zikirukaruka huku na huku. Kwa hiyo mara nyingi daftari, pamoja na usumbufu wake wote wa kuhamisha majina, hushinda mnyororo kwa mwendo. Sifa ya mnyororo ilizaliwa katika umaskini wa vyumba 4,096, wakati ambapo hakuna aliyeweza kutupa nafasi. Leo mtunga programu huuchagua kwa sababu maalumu, si kwa desturi.

Mwaka wa 1975 Newell na Simon walitunukiwa nishani ya Turing, iliyo kubwa kuliko zote katika elimu ya kompyuta, na miongoni mwa kazi zilizotajwa ni hiyo ya kushughulikia orodha. Shaw, ambaye ndiye aliyekuwa mtunga programu miongoni mwao, hakuwa mmoja wa waliopewa. JOHNNIAC ilizimwa mwaka wa 1966, nayo imehifadhiwa katika makumbusho ya kompyuta ya Mountain View, California. Injini za Garratt zilikwisha kazi katika miongo iliyofuata. Mojawapo, namba 5918, iitwayo Mount Gelai, imewekwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, na mwanafunzi apitaye huko aweza kukitazama kwa karibu kiungio kilichopanda na mabehewa ya Changamwe.